KIVOI: Tajiri wa Kitui aliyeijua theluji kabla haijaingia kwenye ramani

Ile picha ya Kijapani ya wimbi kubwa la buluu ushaiona, hata kama hujui jina la aliyeichora. Iko kwenye tisheti za mtumba, kwenye kava za simu, hata kwenye mabegi. Mchoraji wake ni Hokusai. Leo lakini ebu tafuta nyingine, ya jamaa aliyemfuata Hokusai kwa umaarufu, anayeitwa Hiroshige. Andika Kambara kwenye simu yako, uongeze jina lake, itakuja.

Itazame polepole. Ni usiku kijijini. Paa za nyumba zimelemewa na theluji na vilima vya nyuma vimegeuka vyeupe. Watu watatu wanapita njiani. Mmoja amejificha chini ya mwavuli uliofunguliwa nusu, wawili wanapanda wameinamisha migongo. Hakuna anayemsemesha mwenzake. Ukiiangalia kwa muda unaanza kuhisi baridi, na pengine wewe uko Wote au Mwingi, saa nane mchana, jua linachoma mabati.

Picha ya aina hiyo ni kazi ya mikono mingi. Hiroshige alichora mistari kwenye karatasi nyembamba. Fundi wa pili akaibandika karatasi hiyo kwenye ubao na kuchonga kwa patasi. Fundi wa tatu akapaka ubao rangi, akalaza karatasi juu yake na kuisugua mpaka picha ikatokea. Kama umetoka Ukambani, kazi ya patasi huhitaji kuelezwa. Jambo la kushangaza ni ile theluji. Sehemu kubwa yake haikupakwa rangi yoyote, ni weupe wa karatasi ulioachwa bila wino.

Kuna jingine. Picha hiyo ilitoka mnamo 1833 au 1834, katika mfululizo wa picha za vituo 53 vya Tokaido, barabara ya takribani kilomita 500 kati ya Edo, ambayo leo ni Tokyo, na Kyoto. Kituo cha Kambara kiko karibu na bahari, upande usio na baridi kali, na theluji nzito kama hiyo ni nadra sana huko. Lakini hakuna aliyembana Hiroshige aeleze ameitoa wapi. Dunia iliipokea picha yake, ikaipenda, na mpaka leo inaitundika ukutani.

Sasa geuka uangalie huku kwetu. Miaka hiyohiyo, Kitui, aliishi mtu aliyeijua theluji ya kweli. Alikuwa ameiona kwa macho yake, juu ya milima miwili. Habari hiyo ilipofika London kupitia mgeni wake, wasomi wakubwa waliikataa katakata. Mtu huyo ni Kivoi Mwendwa. Haya ni maisha yake, na kidogo ni yako pia, kwa sababu jina la nchi lililoandikwa kwenye kitambulisho chako lilitokana na mlima aliomwelekeza mgeni huyo.

Mwana wa nchi kavu

Kivoi alizaliwa miaka ya 1780, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kitui. Lakini ukitaka kumwelewa, anzia Makueni. Masimulizi ya Wakamba yanasema kwamba wazee wao walikaa kwanza kwenye vilima vya Mbooni, penye maji na udongo wa kulimika. Watu walipozidi wakaanza kutawanyika. Waliovuka mto Athi kuelekea mashariki ndio waliofika Kitui, nchi pana ambayo mvua yake ni bahati nasibu. Mbooni mkulima angeweza kutegemea shamba lake. Kitui ilibidi mtu ajue pia kufuga, kuwinda, kurina asali, na zaidi ya yote, kutembea.

Wakamba wana neno lao, kuthuua. Maana yake ni kwenda kwa majirani wakati wa njaa kutafuta chakula kwa kubadilishana. Mvua ikikosekana, unachukua ulichonacho, mbuzi au asali au sumu ya mishale, unaenda hadi Embu au kwa Wakikuyu, unarudi na nafaka. Ukienda mara moja, umejua njia. Ukienda mara ya pili, umejua lugha kidogo. Mara ya tatu tayari una rafiki huko, pengine mmechanjiana damu mkawa ndugu, na wewe ukipita kwao hukosi pa kulala.

Hapo ndipo ukubwa wa watu kama Kivoi ulipoanzia. Njia zilizofunguliwa na njaa zikageuka kuwa njia za mali. Mombasa na Zanzibar walitaka pembe za ndovu, na Wakamba walikuwa wawindaji hodari wenye mishale yenye sumu. Waliteremsha pembe hadi pwani, wakapanda na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Kufikia miaka ya 1830 na 1840, biashara kati ya Mombasa na bara ilikuwa mikononi mwa Wakamba. Misafara ya Waswahili na Waarabu wa Mombasa ilikuja kuwapokonya soko hilo baadaye.

Katika biashara hiyo, jina kubwa kuliko yote lilikuwa la Kivoi.

Bosi wa msafara

Vitabu vya shule humwita Chifu Kivoi. Mwite hivyo ukitaka, lakini ujue kwamba Wakamba wa wakati wake hawakuwa na machifu. Mambo yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, na machifu waliletwa na serikali ya kikoloni miaka mingi baada yake. Cheo cha Kivoi hakikutoka kwa mtu. Ukambani wakati ule mtu alipanda kwa mali, kwa ulimi wenye ushawishi, kwa umbo la kutazamika, na kwa sifa ya kuwa mganga anayejua mambo ya mvua. Kivoi alikuwa mmoja wa waliofika juu kwa njia hiyo. Hakuna aliyelazimishwa kumfuata, na bado alipotoka, watu walitoka pamoja naye.

Misafara yake ilikuwa na watu hadi 300. Ebu piga picha hiyo kichwani. Hakuna barabara kuu ya Mombasa, hakuna treni ya SGR, hakuna kibanda cha kuuza chai. Kutoka Kitui hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300 hata ukipima kwa mstari ulionyooka, na njia ya miguu haijawahi kunyooka. Unapita uwanda wa Yatta, unavuka Athi, unaingia Kikumbuliu karibu na Kibwezi, ambayo leo iko Makueni. Unavuka Tsavo, unakata nchi ya Wataita, kisha unakutana na nyika ya Taru, kichaka cha miiba kisicho na mto. Begani kuna pembe. Anayejua maji yako wapi ndiye mkubwa wa msafara, na asipoyapata, mali yake haimsaidii mtu.

Wale watu watatu wa Hiroshige, hata kama baridi inawatesa, wako kwenye barabara yenye nyumba za wageni kila kituo. Kwenye njia ya Kivoi, kituo kilikuwa kisima, au mwamba wenye dimbwi la mvua. Dimbwi likikauka, kituo kimekufa.

Safari hizo ndizo zilizomwonyesha theluji. Ukikaa Emali au kwenye vilima vya Chyulu asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro unaiona imesimama juu ya tambarare. Wakamba waliiita mlima mweupe, Kiima Kyeu. Kivoi aliufahamu, na alifika Uchagani, chini ya mlima wenyewe. Upande wa kaskazini, alikofuata pembe kuelekea Embu na Ukikuyu, aliuona mwingine. Miaka ya mwisho ya maisha yake ndovu walikuwa wamepungua karibu na nyumbani, na wafanyabiashara wakazidi kwenda mbali, ng'ambo ya mto Tana. Mlima huo wa pili ulikuwa mbele yao wanapokwenda.

Kwa hiyo weka hili akilini: kwa Wakamba theluji haikuwa habari mpya. Ilikuwa alama ya njiani, kama wewe unavyojua ukiona miti fulani umekaribia kwenu.

Mgeni mwenye daftari

Novemba 26, 1849, mgeni aliwasili kwa Kivoi. Aliitwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa miaka 39, mmishonari wa shirika la Kanisa la Uingereza. Alikuwa ametua Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akazika hapo mke wake Rosine na mtoto wao mchanga. Tangu 1846 alikuwa Rabai na mwenzake Johannes Rebmann. Kutoka Rabai mpaka kwa Kivoi alitembea karibu wiki nne, akifuata njia ya wafanyabiashara Wakamba.

Rebmann alikuwa ameshaleta kizaazaa. Mei 11, 1848, akielekea Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, yule mtu, ambaye hakuwa na jina la kitu hicho, alimjibu kuwa ni baridi tu. Rebmann akaelewa ni theluji, akaandika hivyo, na barua yake ikaenda Ulaya.

Kivoi alimpokea Krapf vizuri. Usidhani ni ukarimu mtupu. Mfanyabiashara mwenye akili anajua thamani ya rafiki aliyeko pwani, na Kivoi alitaka mgeni huyu asafiri naye hadi Tana. Katika mazungumzo yao Kivoi akamweleza kuhusu mlima mweupe wa Uchagani, kisha akamwambia kwamba uko mwingine kaskazini, na kwamba mawingu yakipisha ataweza kuuona kutoka Kitui palepale.

Hapo kwa Kivoi kulikuwa na mtu mwingine, mwenyeji wa Embu, ambaye Krapf alimwandika kwa jina la Rumu wa Kikandi. Huyu alisema amefika mlimani mara nyingi, lakini hakupanda sana, kwa sababu juu kuna kitu cheupe kiitwacho kirira, chenye baridi kali. Aliongeza kwamba kutoka kwenye weupe huo hutiririka maji yasiyoisha, na maji hayo ndiyo yanayoulisha mto Tana. Soma tena sentensi hiyo. Mtu wa Embu, bila darasa wala kipimajoto, alimweleza mgeni jinsi theluji inavyoyeyuka na kulisha mto, na alikuwa sahihi.

Siku zikapita, mawingu yakagoma. Wewe wa Kitui unajua Novemba ilivyo, ndio msimu wa mvua. Mpaka Desemba 3, 1849, Krapf akiwa mahali pa juu, anga ikafunguka. Akaona mlima mkubwa mno, na juu yake nguzo mbili kama pembe, zimefunikwa na kitu cheupe. Kutoka Kitui hadi hapo ni kama kilomita 150. Akaandika kwenye daftari lake.

Kwa hiyo ile sentensi uliyokaririshwa shuleni, kwamba Krapf alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, ni kweli kama ilivyo. Imeacha tu mambo mawili: kwamba mwenyeji wake ndiye aliyemwambia auangalie, na kwamba mwenyeji huyo alikuwa anaufahamu zamani.

London yakataa

Habari zilipofika Uingereza, hazikupokelewa kwa makofi. Mwanajiografia mmoja maarufu, William Desborough Cooley, alizishambulia. Cooley alikuwa amejenga jina kwa kuandika kuhusu bara la Afrika ilhali hajawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na vitabu vya zamani, ramani, na imani kubwa katika hoja zake. Kwake, theluji karibu na ikweta, katikati ya joto la Afrika, haikuingia akilini. Mwaka 1852 alitoa kitabu kizima kuhusu bara hili na humo akaendelea kuwapinga wamishonari hao. Wapo waliodai kwamba walichoona ni mawe meupe yanayometa juani.

Fikiria jinsi mambo yalivyokaa. Japani, mchoraji anaweka theluji mahali inapoanguka kwa nadra, na hakuna anayelalamika. Kitui, watu wanaeleza theluji iliyopo, wanataja baridi yake na mto unaotoka ndani yake, na mtu aliyekaa London anasema haiwezekani. Ni kweli Hiroshige alikuwa akiuza picha na Krapf akitoa taarifa, na taarifa lazima ipimwe. Lakini Cooley hakwenda kupima. Angeweza kuuliza watu wanaoishi hapo wanasemaje, na ushahidi wao ulikuwa tayari umeandikwa mbele yake. Aliona ni porojo za wenyeji.

Ukweli ulichukua muda. Kilimanjaro ilithibitishwa na safari za Baron Carl Claus von der Decken za 1861 na 1862. Mlima Kenya ulisubiri zaidi. Joseph Thomson aliuona mwaka 1883 kutoka upande wa Laikipia, na mwaka 1887 Count Teleki akapanda hadi kwenye theluji yenyewe. Ni miaka 38 tangu mwenyeji wa Embu aseme ni baridi na inatoa maji.

Mwisho kando ya Tana

Kivoi hakuishi kuona hayo. Hakuishi hata miaka miwili baada ya mgeni wake kuuona mlima.

Julai 1851 Krapf alirudi Ukambani akitaka kujenga kituo cha misheni Yatta. Mambo yalimharibikia huko, akaamua kwenda kwa rafiki yake Kitui. Kivoi alikuwa akijiandaa kwa safari ya pembe kuelekea Tana, na mpango wao wa zamani ukafufuka. Mwezi Agosti wakaondoka pamoja na kundi la watu wa Kivoi.

Hawakuufikia mto wakiwa pamoja. Walipokuwa wamekaribia, kundi la wanyang'anyi liliwavamia kwa mishale. Wengi wa msafara walitawanyika porini. Kivoi aliuawa hapo, pamoja na wafuasi wachache waliobaki karibu naye. Mtu aliyekuwa ameongoza mamia kupita nchi ya simba na kiu, akateremka na kupanda kwa miaka na miaka, aliishia njiani, kazini, kama dereva wa masafa marefu ambaye safari moja haikumrudisha.

Krapf alinusurika kwa kukimbia. Akiwa peke yake na kiu inamuua, alifika Tana, akanywa, akajaza maji kwenye mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake. Mchana alijificha, usiku akatembea. Alipofika kwa jamaa za Kivoi hakupata pole. Kwao alikuwa mtu aliyetoka na mzee wao akarudi bila yeye, na walimlaumu kwa kifo hicho. Aliona maisha yake yako hatarini, akatoroka usiku. Baada ya misukosuko mingi alifika Rabai.

Unaweza kuwaona jamaa hao kuwa wakali. Lakini jiweke mahali pao. Mzee ameondoka na mgeni, mgeni amerudi na pumzi yake, mzee amebaki kwa fisi. Wewe ungeuliza nini?

Jina linabaki

Mwaka 1858 kipindupindu kiliikumba Edo, na Hiroshige akafariki katika mwaka huo wa maradhi. Mwaka huohuo, Ujerumani, Krapf alichapisha kitabu cha safari zake. Ndani yake yumo Kivoi, yumo mwenyeji wa Embu, na umo mlima.

Mlima huo Wakikuyu huuita Kirinyaga, Waembu Kirinyaa. Wakamba hawaitamki ile g, wanasema Kiinyaa, na wengi huelezea jina hilo kwa mbuni dume, nyaa, ndege mwenye manyoya meusi na meupe. Ukiutazama kwa mbali utaelewa: mwamba mweusi, theluji nyeupe, hakuna rangi nyingine. Krapf aliusikia Ukambani, akauandika kwa namna alivyousikia, Kegnia na Kenia. Tahajia hiyo ndiyo iliyoingia kwenye ramani. Mwaka 1920 Waingereza walipogeuza himaya yao kuwa koloni, waliipa jina la mlima. Mwaka 1963 tulipopata uhuru tuliendelea nalo. Ukitamka Kenya leo bila g, unatamka masalio ya sikio la mgeni aliyekaa kwa Wakamba.

Kivoi mwenyewe hakuandika chochote. Tunamjua kwa daftari la mgeni wake na kwa masimulizi ya Ukambani. Rudi kwenye ile picha ya Kambara. Jina la Hiroshige limechapwa juu yake, muhuri wa mchapishaji upo, lakini majina ya walioshika patasi huyajui. Theluji yake inaonekana kwa sababu kuna sehemu za karatasi ambazo wino haukupita. Katika habari ya ugunduzi wa Mlima Kenya, Kivoi yuko hivyohivyo. Yupo katikati kabisa ya picha, bila yeye hakuna kinachoonekana, na wino mwingi ulipita pembeni yake.

Weupe unaondoka

Ninayokuambia yasingekuwa na haraka kama mlima ungebaki vile. Haubaki. Barafu ya Mlima Kenya imekuwa ikipungua kwa zaidi ya karne, na iliyopo sasa ni vipande vidogo vya ile iliyokuwapo. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya milima ya Afrika Mashariki inaweza kuisha kabisa kufikia miaka ya 2040, na kwamba ya Mlima Kenya huenda ikatangulia kwa mwongo mzima. Ukiwa na miaka 20 leo, kuna uwezekano mkubwa utakuwa hai siku ambayo Kiinyaa atakuwa amepoteza manyoya meupe. Pale juu theluji itaendelea kudondoka asubuhi moja moja na kuyeyuka. Ile ya kudumu, iliyomshangaza Krapf, itakuwa kitu cha kusimuliwa.

Na hapo utajikuta mahali pa Kivoi. Utamwambia mtoto wako kwamba mlima ule, karibu kabisa na ikweta, ulikuwa mweupe mwaka mzima. Atakuangalia vile Cooley alivyoiangalia barua ya Rebmann. Atakuuliza una ushahidi gani.

Basi usingoje. Januari au Februari, mvua zikishaisha, amka kabla jua halijatoka, upande kilima chochote cha Kitui kilicho wazi upande wa kaskazini. Elekeza macho kaskazini, kisha kidogo magharibi. Kama uko Makueni, nenda Chyulu au simama Emali, utazame kusini, Kilimanjaro iko huko. Usichelewe, kwa sababu kufikia saa tatu mawingu huwa yameshafunga. Piga picha kama kawaida yako. Halafu kabla hujashuka, mtafute mzee wa hapo karibu, anayechunga mbuzi au anayeelekea kisimani, umsalimu, umwonyeshe kidole upande ule, na umuulize kwao huo mlima wanauitaje.